Huruma ya Mali ya Mwenzio

Liko swali ambalo wengi wetu hulipita pasipo kulifikiri: Je, mtu aweza kuwa mkarimu kwa mali isiyo yake?

Mwaka 1976, nilipokuwa kijana wa miaka 16, nalifanya kazi mlangoni pa sinema moja ya mtaani huko Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupokea tiketi na kuichana vipande viwili: kimoja kumrudishia mwenyewe, kimoja kukitia sandukuni. Usiku vipande vilihesabiwa, vikalinganishwa na fedha. Wala fedha hiyo haikuwa ya tajiri peke yake. Ndani yake mlikuwamo kodi, malipo ya walioleta picha, na mishahara yetu watumishi, hata ya mzee wa mashine, aliyepitisha picha 24 kila sekunde, yaani 172,800 kwa mchezo wa saa mbili.

Siku za picha za Kihindi, watoto wasio na fedha walisimama nje wakisikiliza nyimbo. Mwenzangu mmoja alikuwa akiwapenyeza kwa siri, nao wakamsifu sana. Jioni moja mama mmoja aliyelipa alikuta kiti chake kimekaliwa, akasimama mpaka mwisho na mtoto mgongoni. Mzee wa mashine alifanya namna nyingine: alishuka, akatoa shilingi zake, akamnunulia mtoto mmoja tiketi, akarudi juu bila neno.

Wengine watasema, "Kiti kitupu hakimpunguzii tajiri kitu." Neno hili lina nguvu, wala silidharau. Lakini kama ni kweli, mbona halikusemwa mbele ya tajiri mwenyewe? Huenda angekubali, na ukarimu ungekuwa wake. Atoaye kwa siri mali ya mwingine hujitwalia shukrani, na gharama humwachia asiyeulizwa. Naye pengine si tajiri, bali ni mama yule.

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Basi hata asiye na shilingi aweza kutoa: na amwombee mnyonge waziwazi kwa mwenye mali. Hilo nalo lina gharama, maana aweza kukataliwa, hata kukemewa.

Sinema nyingi za namna ile zimekwisha kufungwa, lakini milango ingali mingi: ghala ya chama, duka la ndugu, sanduku la shule. Kila asimamaye mlangoni na ajiulize: Nani atashukuriwa, na nani atalipa? Ikiwa ni mtu mmoja, na itolewe bila hofu.