Kuona na Kuonana Ukingoni mwa Ganga

Mhindu aendaye hekaluni au mtoni mara nyingi husema anakwenda kupata darshan. Neno hilo la Kisanskriti lina mzizi wenye maana ya kuona, na tafsiri nyingi huishia hapo: kuiona sura ya mungu. Hiyo ni nusu ya habari. Katika darshan macho ya mungu nayo yako kazini, na ndiyo sababu sanamu mpya hufanyiwa ibada ya kufunguliwa macho kabla ya kuanza kuabudiwa. Anayefika mbele yake huona na kuonwa kwa wakati mmoja. Kiswahili hakihitaji maelezo marefu kulifikia wazo hili, kwa kuwa kitenzi chake kimeshalibeba: kuonana. Mtu anayeaga kwa kusema “tutaonana” haahidi kutazama, anaahidi kukutana.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la msafiri. Kila mwaka watu wasio Wahindu huenda India kuangalia ibada za kando ya mto. Wanaona, hilo halina shaka. Je, wanaonana na nani?

Jiji la Varanasi, ambalo huitwa pia Banaras au Kashi, ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo. Mto Ganga, wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,500 kutoka milima ya Himalaya hadi Ghuba ya Bengal, kwa jumla huelekea mashariki, lakini hapa hupinda na kutiririka kuelekea kaskazini. Jiji limekaa ukingo wa magharibi, na ngazi zake za mawe ziitwazo ghat, zaidi ya themanini, hushuka hadi majini zikiwa zimelielekea jua linapochomoza. Alfajiri waogaji husimama ndani ya maji, wakayachota kwa viganja viwili, wakayanyanyua na kuyamimina tena mtoni. Mwenye kupenda hesabu atauliza mto umepata faida gani. Haukupata kitu, kwani umepewa maji yake wenyewe. Tendo hilo halikukusudiwa kuwa malipo. Linafanana na shikamoo, isiyomwongezea mzee umri wala mali, lakini isipotolewa kila aliyepo huona kuna kitu kimepungua. Kwa Wahindu Ganga ni mama na ni mungu wa kike. Mama husalimiwa asubuhi.

Jioni sura hubadilika. Katika ghat ya Dashashwamedh, giza linapoingia, makuhani vijana husimama juu ya majukwaa wakiwa wameuelekea mto. Hupulizwa magamba makubwa ya kome kama baragumu, kengele zikalia bila kukatika, kisha zikainuliwa taa za shaba zenye ndimi nyingi za moto na kuzungushwa polepole kufuata mkono wa kulia, zikifuatwa na moshi wa ubani na moto wa kafuri. Hii ndiyo aarti. Asili yake ni rahisi kuielewa kwa anayejua chumba cha ndani cha hekalu la Kihindu, ambacho ni kidogo na hakina dirisha: taa hupitishwa mbele ya sanamu ili sura yake ionekane. Baadaye moto uleule huletwa kwa watu, nao hupitisha viganja juu yake na kuvigusisha machoni au kwenye paji la uso. Mwanga uliomdhihirisha mungu huja kugusa jicho lililomtazama. Ni vigumu kuipata picha iliyo wazi zaidi ya kuonana.

Aarti ya Dashashwamedh kwa mpangilio wake wa leo, wa sare, vipaza sauti na mikono inayokwenda pamoja, si ya kale kama wageni wengi wanavyodhani. Ilipata umbo hilo katika miaka ya 1990. Wapo wanaosikitika wakilijua hilo, kana kwamba wameuziwa bandia. Masikitiko hayo hayana msingi. Ibada haipimwi kwa umri wa sare za makuhani, na mto unaosalimiwa ulikuwapo.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni mahali wanapokaa watazamaji. Wengi wa wageni hukodi mashua. Mashua hizo husogezwa mbele ya ghat, zikabanana ubavu kwa ubavu, na waliomo huwatazama makuhani uso kwa uso. Kwa picha, hakuna mahali bora. Lakini makuhani wameuelekea mto, na mto ndio unaoabudiwa. Aliye ndani ya mashua amekaa katikati ya salamu na anayesalimiwa. Taa zinazungushwa kumwelekea yeye, naye anazipiga picha akiamini zimewashwa kwa ajili yake. Hakukosea adabu kwa makusudi, wala hakuna anayemfukuza. Ameona kila kitu isipokuwa kile ambacho wengine wote wanakitazama, kwa sababu amekipa mgongo au amekikalia.

Kutoka hapo, mwendo mfupi kuufuata mto unapotelemkia, ipo ghat ya Manikarnika, ambako maiti huchomwa mchana na usiku. Mwili hufika juu ya machela ya mianzi ukiwa umefunikwa kwa vitambaa vya rangi, huchovywa katika Ganga, kisha huwekwa juu ya kuni. Aghalabu mtoto wa kiume wa marehemu ndiye anayewasha moto. Wahindu wengi huamini kwamba anayefia Kashi hufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na wapo wanaohamia huko uzeeni kusubiri siku yao. Shughuli yote hufanyika hadharani. Anayepita kwa mashua ataiona hata asipotaka. Hata hivyo kupiga picha hukatazwa, na wageni hushangaa: kama si siri, kwa nini wasipige?

Jibu limo tena katika kitenzi. Ukiongeza kiambishi kimoja, kuona huwa kuonea, na maana ya kwanza inayokuja akilini ni kudhulumu. Mfiwa hawezi kurudisha jicho kwa kamera. Anaonwa tu, na uso wake utasafiri hadi asikokujua. Ni kweli kwamba kauli hiyohiyo ndiyo iliyotuzalia kuonea huruma, na msafiri aliyesimama Manikarnika yuko karibu na vyote viwili. Kinachovitenganisha ni kama yuko tayari, japo kwa dakika chache, kuonwa yeye mwenyewe akiwa mtu ambaye naye atakufa.

Kitenzi kina tawi jingine, kujiona, nalo huchipuka mara mgeni anapozungumzia uchafu. Maji taka ya miji huingia Ganga, na mipango ya serikali ya kuusafisha mto, wa 1986 na Namami Gange wa 2014, haikulimaliza tatizo. Mgeni huyatazama maji, huwatazama waogaji, akahitimisha kwamba hawajui anachokijua yeye. Msomaji wa pwani angepaswa kuwa wa mwisho kuteleza hapo. Marashi ya waridi ni safi, yananukia, na bado kwa wanazuoni wengi hayafai kutilia udhu. Usafi ni habari moja na twahara ni nyingine. Veer Bhadra Mishra, aliyefariki 2013, alikuwa profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Banaras Hindu na pia kiongozi wa hekalu la Sankat Mochan. Alianzisha taasisi ya kuusafisha mto mwaka 1982, akijua kwa vipimo kilichokuwamo majini, na aliendelea kuoga humo kama ibada. Hakuona kuwa jambo moja lilifuta jingine. Uchafu ulimuuma kwa sababu aliyechafuliwa ni mama.

Inabaki hoja ya kama asiyeamini anaweza kuonwa. Baadhi ya mahekalu hujibu mlangoni: lile la Jagannath huko Puri haliwaingizi wasio Wahindu. Lakini hata hapo sanamu hutolewa nje mara moja kwa mwaka na kuvutwa barabarani juu ya magari makubwa ya mbao, ili kila mtu aonane nayo. Mto hauna mlango kabisa, na wala si lazima uwe Ganga. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa Jinja, Uganda, mahali Nile inapoanzia safari kutoka Ziwa Victoria. Aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo hadaiwi kugusa moto wala kuchota maji; akiukataa moto kwa adabu unapopitishwa, hakuna anayetukanwa. Anachodaiwa ni kujua amekaa wapi.

Basi msafiri atakayefika Dashashwamedh jioni na kuulizwa achague mashua au ngazi, achague ngazi. Ataona migongo ya makuhani, picha zake zitakuwa mbaya, na mto utakuwa mbele yake.