Mtoto na Nyumba Anamolelewa



Mtoto mdogo huwajua jamaa zake kwa wale anaokula nao sinia moja. Lakini siku aingiapo shule hukuta kwamba nyumba za wenzake si kama yake. Mmoja ana baba na mama. Wa pili, baba yake ana wake wawili. Wa tatu amelelewa na bibi, maana wazazi wamefariki. Wa nne, baba amevuka Mto Songwe kwenda Malawi kutafuta riziki. Hapo ndipo dhihaka huanza: "Wewe huna baba!" Neno hili dogo laweza kumchoma yatima muda wa maisha yake yote, na aghalabu mtoto aliyelitamka amelisikia kwa wakubwa.

Wazee wa Kyela na wa ufuko huu wa Ziwa Nyasa hawakuijua namna moja tu ya jamaa. Mnyakyusa humwita ndugu wa baba yake "tata", kama amwitavyo baba mzazi. Zamani wavulana wapatao miaka kumi walitoka nyumbani wakajenga kijiji chao pamoja na wenye rika lao, huku wakirudi kwa mama zao kula. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson waliyaona mambo hayo kati ya 1934 na 1938.

Sasa tumtazame Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.). Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Alinyonyeshwa na Bibi Halima; alipokuwa na miaka sita mama yake alifariki; babu yake Abdul Muttalib akamchukua, naye akafariki baada ya miaka miwili; ndipo ami yake Abu Talib akamlea. Je, ni nani athubutuye kusema kuwa heshima ya mtoto yapimwa kwa idadi ya wazazi walio hai nyumbani mwake?

Lakini upendo usitufanye tuifiche kweli. Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, alipofuatwa na baba yake ili akombolewe, alichagua kubaki kwa Mtume (s.a.w.), na watu wakamwita mwana wa Muhammad. Baadaye Kurani Tukufu, katika Sura Al-Ahzab, iliagiza kwamba watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na wasiojulikana baba zao wahesabiwe kuwa ndugu katika dini. Upendo kwa Zaid haukupungua hata kidogo. Basi mtoto akiuliza, ajibiwe kwa ufupi na kwa kweli: "Baba yako mzazi ni fulani, naye amefariki. Babu ndiye akuleaye, na sote twakupenda." Atakayefichwa ataambiwa na majirani, tena kwa ukali.

Nawe uliyeingia katika Uislamu karibuni, huenda una jambo zito zaidi. Wamisionari wa Kijerumani walifika nchi hii ya Wanyakyusa mwaka 1891, na wengi wetu tuna mama au bibi ambaye ni Mmoravian au Mlutheri. Wako waulizao: Je, niwazuie watoto wasiende kwa bibi yao? La, hasha! Bibi Asma, binti wa Abu Bakr (r.a.), alipotembelewa na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina, alimwuliza Mtume (s.a.w.) afanyeje, akaamriwa aunge udugu naye. Ikiwa mshirikina alistahili wema huo, sembuse bibi amwaminiye Mungu, apikaye wali na usipa kwa ajili ya wajukuu wake? Mtoto na afundishwe imani yake waziwazi, kisha amwamkie bibi kwa adabu, amtekee maji, wala asimdharau kwa sababu ya kanisa lake.

Kumbuka, ndugu, kwamba mtoto hajifunzi haya kwa hotuba. Hujifunza aonapo yatima akipewa kipande cha samaki sawa na mwana wa nyumba, na asikiapo baba akimtaja jirani mjane kwa heshima. Leo jioni, kabla ya kula, sikiliza watoto wako wanavyowataja wenzao. Ukisikia dhihaka, irekebishe kwanza katika ulimi wako mwenyewe.

Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu kuwa kimbilio la kila mtoto. Amin.