Mavazi ya Picha ya Jamaa

Swali la nguo zipi zivaliwe siku ya kupiga picha ya jamaa laonekana kuwa la fundi cherehani na mpiga picha, wala si la mwanafalsafa. Lakini atazamaye kwa makini ataona kuwa ndani yake limo swali jingine: nani ana haki ya kuamua jinsi mtu atakavyoonekana mbele ya wajukuu asiowajua, wakati ambapo yeye mwenyewe hatakuwapo kujieleza?

Siku hizi katika Dar es Salaam ni desturi jamaa kutoka pamoja kwenda pwani jioni, jua likiwa limepungua ukali, ili wapigwe picha. Kabla ya siku hiyo hununuliwa kitenge cha namna moja, kikakatwa na kushonwa: gauni la mama, shati la baba, vijishati vya watoto, hata bibi naye akapimwa. Sare hii ina sababu za ufundi, na haifai kubezwa. Jicho hukimbilia penye rangi kali. Mtu mmoja mwenye nguo nyekundu kati ya kumi huipora picha nzima. Tena kanzu nyeupe juani, kando ya uso mweusi, huitia kamera mashakani: ikiipima kanzu, uso huzama gizani, ikiupima uso, kanzu huwa kama karatasi tupu. Hayo ni mambo ya kazi, na mwenye kazi asikilizwe.

Wako wasemao kuwa vazi lo lote lisilo la kila siku ni uongo. Siafiki. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Lakini wahenga hawakufika Bamako, katika ua wa Seydou Keïta. Huyo alianza kazi yake ya studio katika mji huo wa Mali mwaka 1948, akapiga picha uani kwa nuru ya jua, nyuma ya watu akitundika kitambaa. Aliweka suti, saa za mkono, kalamu na redio kwa ajili ya wateja wasio navyo. Je, aliyevaa suti isiyo yake akaitazama kamera kwa utulivu alidanganya? Nadhani alisema, "Hili nalistahili." Madai ya namna hiyo si uongo, hata kama hayajatimizwa.

Unguja yatupa mfano ulio karibu zaidi. Zama za utumwa vazi lilikuwa hati ya daraja. Mtumwa alivaa merikani duni au kaniki. Kofia, kilemba na viatu vilikuwa alama za mwungwana. Amri ya 1897 ilipoiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria, waliokuwa watumwa hawakungoja kufundishwa uungwana. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake waliacha kaniki wakajitanda kanga za rangi. Kwao kuchagua nguo hakukuwa pambo la uhuru. Kulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe.

Kwa hiyo siulizi kama nguo ni ya kuazima au ya sare. Nauliza ni nani aliyeichagua. Binamu asiyeweza kulipia kitenge hutuma salamu kuwa ana kazi siku hiyo, na picha humtangaza kuwa hakuwapo katika ukoo. Yuko pia mfanyakazi wa nyumbani, aliyewabeba watoto wale mgongoni. Huyu lanitatiza jambo lake kuliko mengine yote. Mara nyingi husimama nyuma ya mpiga picha, ameshika mifuko. Akivishwa sare na kuingizwa safuni, je, ameheshimiwa, au ametumiwa kupamba wema wa tajiri wake? Jibu halimo katika picha. Limo mezani, jioni ile ile, katika kuonekana kama atakula pamoja nao au jikoni peke yake.

Nitajibiwa kuwa jamaa si kundi la wapita njia, na kwamba kila ushirika humdai mtu kitu. Ni kweli. Lakini adaiye na adai kidogo. Yatosha kupatana juu ya rangi mbili tatu zisizogombana, kila mtu akatafute ndani ya sanduku lake. Binamu atapata shati, hapana atakayekopa.

Na bibi aachiwe kanga yake. Nasikia wapiga picha wengine huomba ikunjwe, ati maandishi ya upindoni yanavuruga picha. Huenda yanavuruga kweli. Lakini jina lile alilichagua yeye dukani, baada ya kuyasoma mengine na kuyakataa, na pengine alikuwa akimjibu jirani. Mimi ningemwomba mpiga picha asogee hatua mbili mbele, lisomeke.