Usikimbilie Kufomati



Somo la kutafakari: 1 Wafalme 19:1-13

Wapendwa vijana, kuna malalamiko mawili ambayo wanachuo wanayatoa karibu kwa maneno yaleyale. La kwanza: "Laptopu yangu ilikuwa freshi tu, ghafla imekuwa nzito. Inaganda. Nikifungua faili moja, naenda kuchemsha chai, nikirudi bado inazunguka." La pili: "Nilikuwa nasali vizuri tu, ghafla nimekuwa mzito. Misa naiona ndefu. Rozari naimaliza sijui nilikuwa nawaza nini. Ikifika siku ya jumuiya natafuta sababu ya kutokwenda."

Na kwa malalamiko yote mawili hakosekani rafiki mwenye jibu moja: "Ifomati tu!" Kwa laptopu, maana yake futa kila kitu uanze upya. Kwa roho, maana yake acha kwaya, jitoe TMCS, hama kanisa, vunja uchumba, toka kwenye malezi. "Moyo wangu haupo tena huko, kwa nini nijidanganye?"

Leo tuende polepole. Tumsikilize fundi, tumsikilize nabii Eliya, na tumsikilize Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye hakuwahi kuona kompyuta lakini aliijua roho iliyoganda kuliko wengi wetu.

Kwanza: usifomati ukiwa gizani

Fundi mwaminifu hafuti kitu kabla hajajua tatizo. Kama laptopu ni nzito kwa sababu feni imejaa vumbi, ukifomati utapoteza picha zako na tasnifu yako, na vumbi litabaki palepale. Kesho itakuwa nzito tena, safari hii ikiwa tupu.

Ignasi alijeruhiwa na kombora la mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Mwaka uliofuata akaishi Manresa, na huko roho yake ilipita kwenye giza kubwa hadi akajaribiwa kujiua. Aliyojifunza humo aliyaandika katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho. Mojawapo ya kanuni zake, ile ya tano, inatuhusu sana: wakati wa ukiwa wa kiroho usibadili maamuzi uliyoyafanya kabla ya ukiwa huo kuja. Baki imara katika yale uliyoyaamua ulipokuwa na amani. Sababu yake ni rahisi: wakati wa faraja, Roho mwema ndiye anayetuongoza zaidi, wakati wa ukiwa, anayetoa ushauri mwingi ni yule mwovu. Huwezi kumwomba mwizi akuelekeze njia ya nyumbani.

Angalieni vizuri, Ignasi hasemi usibadilike kamwe. Kama kweli huo si wito wako, hilo litaonekana pia siku moyo wako umetulia, na utaondoka kwa amani bila kukimbia. Wala sizungumzii dada anayepigwa na mchumba wake. Hapo si ukiwa wa kiroho, hapo ni hatari. Ondoka, na utafute msaada.

Pili: fungua, uangalie

Kwenye Windows ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja inafunguka Task Manager. Pale unaona nani anakula nini: prosesa imebanwa kiasi gani, RAM imejaa kiasi gani, diski inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Kabla ya hapo ulikuwa unasema tu "imechoka". Sasa unaanza kujua. Fundi naye ana maswali yake mawili: ilianza lini, na nini kilibadilika siku hizo?

Kanisa lina Task Manager yake, nayo ni kuchunguza dhamiri kila siku. Kwa njia ya Ignasi ni hatua tano, na robo saa inatosha. Mshukuru Mungu kwa mema ya siku. Omba mwanga. Pitia siku yako saa kwa saa. Omba msamaha ulipoanguka. Weka azimio la kesho. Usiruke hatua ya pili, maana bila mwanga wa Mungu utafanya moja kati ya mawili: kujitetea au kujihukumu. Na kote kuwili bado hujaona kitu.

Kisha jiulize yale maswali ya fundi. Uzito huu ulianza lini? Kabla ya mitihani au baada? Baada ya msiba? Baada ya kuhamia chumba kipya, kupata simu mpya, kupata mtu mpya?

Tatu: uzito ni mmoja, vyanzo ni vingi

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani kila uzito wa kiroho ni dhambi, kama vile mtu anayedhani kila laptopu nzito ina virusi. Tuvitazame vyanzo vinne.

*Joto.* Laptopu ya zamani ikijaa vumbi kwenye feni inachemka, na prosesa ikichemka inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Uzito ule ni kinga. Hapo haihitaji antivairasi, inahitaji kusafishwa na kupumzishwa. Na usiiwashe juu ya godoro, maana unaziba matundu ya hewa.

Sasa mtazameni Eliya. Ametoka kushinda manabii wa Baali, Yezebeli anamtafuta amuue, amekimbia hadi jangwani. Anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Je, malaika anamkemea kwa kukosa imani? Hapana. Anamgusa na kumwambia aamke ale. Kuna mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili: kula, maana safari ni ndefu. Ni baada ya kulala na kula mara mbili ndipo anatembea siku arobaini hadi Horebu, na kule ndipo Mungu anapoanza mazungumzo naye. Mungu alianza na mwili.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anapoorodhesha dawa za huzuni anataja kulia, huruma ya marafiki na kuutafakari ukweli, kisha anataja pia usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Ignasi naye alikuwa akijiwa na mawazo matamu ya kiroho saa ya kulala tu, hata yakamla usingizi. Akayapima, akaamua kulala. Kijana unayelala saa nane za usiku, unaamka saa kumi na moja, hunywi chai, halafu unashangaa mbona rozari ni nzito: ndugu yangu, kalale.

*Mizigo inayojiwasha yenyewe.* Kuna programu ambazo zinawaka kila unapowasha mashine, hata hujaziita. Moja haina shida. Zikiwa kumi na tano kwenye laptopu ya RAM ya GB 4, kumbukumbu inajaa, mashine inaanza kutumia diski badala ya RAM, na kama hiyo ni diski ya zamani ya kuzunguka, kila kitu kinakwama. Dawa yake si kununua mashine mpya. Ni kuingia kwenye orodha na kuzizima, moja baada ya nyingine.

Nasi tunazo. Jicho likifunguka tu asubuhi, kabla ya ishara ya msalaba, kidole kimeshafika kwenye simu. Kinyongo unachokiwasha kila ukimwona fulani. Picha chafu ulizozoea kuziangalia usiku. Kujilinganisha na wenzako. Ignasi anataja sababu tatu za ukiwa, na ya kwanza ni hii: sisi wenyewe tumezembea. Thoma anatusaidia tuelewe zaidi. Katika orodha yetu ya vichwa vya dhambi kuna "uvivu", nasi tunafikiri ni kulala mchana. Neno lake la Kilatini, acedia, anasema ni huzuni juu ya mema ya Mungu: kuona zawadi yake kama mzigo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na shughuli kuanzia alfajiri hadi usiku na bado akawa na uvivu huo. Dawa yake ni kitubio. Nenda ukataje programu kwa jina, usiseme tu "nimekosa kwa mengi".

*Kazi inayofanyika usiyoiona.* Wakati mwingine mashine ni nzito kwa sababu inajisasisha. Hakuna kilichoharibika. Ukiizima kwa nguvu katikati ndipo utaiharibu. Iache imalize.

Hizi ndizo sababu mbili nyingine za Ignasi. Mungu anaweza kuondoa utamu wa sala ili tuone tunampenda kiasi gani pasipo malipo. Na anaweza kuuondoa ili tujue kwamba ule utamu haukuwa wetu, ulikuwa zawadi. Barua za Mtakatifu Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi alisali bila kuhisi chochote. Aliendelea kuamka, kuabudu Ekaristi, na kuwainua maskini barabarani. Kama angefomati, leo tusingemwita mtakatifu.

Katika hali hii Ignasi haambii mtu akae tu. Anasema pambana kidogo na uzito: kama saa ya kuabudu inakuwa ndefu, ongeza dakika chache kuliko ulivyopanga. Usiipunguze.

*Sauti ya kugongagonga.* Diski ya zamani ikianza kutoa mlio wa kugonga ndani, fundi hakuambii usubiri. Anakuambia acha kuitumia, okoa kwanza mafaili, maana inaweza kufa wakati wowote.

Ndugu yangu, kama wiki zinapita huli, hulali, huoni thamani ya chochote, na mawazo ya kujiua yanakujia, hiyo ndiyo sauti ya kugonga. Usijipime peke yako usiku na robo saa ya kuchunguza dhamiri. Leo, kabla ya jua kuzama, mwambie mtu mmoja: mama, kaka, rafiki, paroko, matroni wa hosteli. Nenda hospitali umwone daktari. Kwenda kwa daktari si kumkana Mungu. Yule malaika wa Eliya alikuja na mkate mkononi, na huyu wako anaweza kuja amevaa koti jeupe. Na kama ni rafiki yako anayeonyesha dalili hizo, usimwambie asali zaidi kisha ukaondoka. Kaa naye, umsindikize.

Mfano una mwisho wake

Laptopu ya miaka kumi, hata ukiiwekea SSD na kuiongezea RAM, kuna siku itaingia kwenye ndoo la taka. Wewe hutaingia. Thamani ya mashine ni kasi yake, ndiyo maana ikikosa kasi inauzwa kwa bei ya skrepa. Thamani yako haikuwahi kuwa kasi. Mungu hakukupenda kwa sababu ulisali kwa moto, wala hajaanza kukuchoka kwa sababu sasa unasali ukisinzia. Pale Horebu Eliya hakumkuta Bwana katika upepo wa nguvu, wala tetemeko, wala moto. Alimkuta katika sauti ndogo ya utulivu. Inawezekana huu upole wa moyo wako, unaouita kuganda, ndio mahali ambapo hatimaye utaweza kumsikia.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu. Usifanye uamuzi mkubwa ukiwa mzito. Kila usiku, robo saa, fungua uangalie. Na ukishajua chanzo, peleka kila kimoja kwa dawa yake: uchovu kitandani, dhambi kitubioni, giza la Mungu kwenye uvumilivu, na maumivu makali kwa watu wanaoweza kukubeba.

Tusali: Bwana Yesu, wewe unayetujua kuliko tunavyojijua, utupe mwanga wa kuona kinachotulemea. Utuzuie mkono tunapotaka kufuta yale uliyoyaandika ndani yetu. Waliochoka uwape mkate, walioanguka uwape msamaha, walio gizani uwape mtu wa kukaa nao. Nasi utupe subira hadi tuisikie tena sauti yako. Amina.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, utuombee.