Uaminifu Usioonekana

Msomaji, ukitaka kuipima kazi ya mtu, usiitazame pale inapotazamwa na watu wote. Itazame pale ambapo hapana jicho jingine ila lake. Huko ndiko thamani yake iliko. Nakuletea mfano mmoja wa kazi ya namna hiyo, uupime kwa akili yako.

Katika uwanja wa Wilson, mjini Nairobi, huruka ndege nyingi ndogo ziendazo mbali, ambako viwanja ni vya udongo na changarawe. Huduma ya madaktari waendao kwa ndege, iliyoanzishwa mwaka 1957, imezitumia ndege kama hizo kuwafikia wagonjwa. Ndege inapokwenda juu ya changarawe, rafadha yake huvuta vijiwe, navyo hupiga makali ya mapanga yake na kuyatia pengo. Pengo lenyewe laweza kuwa dogo kama punje ya mtama.

Je, punje ya mtama yaweza kuiangusha ndege? Yaweza. Rafadha huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na kila panga huvutwa kutoka kitovuni kwa nguvu ya tani kadhaa. Nguvu hiyo hukusanyika katika kona kali ya pengo. Hapo ufa huzaliwa, hukua kimya kimya, hata siku moja kipande cha panga hukatika. Rafadha iliyopoteza kipande hupoteza mizani, na mtikisiko wake waweza kuing'oa injini mahali pake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini angani hapana nafasi ya kujenga ukuta.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni ya subira. Huhakikisha kuwa swichi imezimwa, kisha huiogopa rafadha kana kwamba haikuzimwa, maana waya uliokatika waweza kuifanya injini iwake rafadha izungushwapo kwa mkono. Hufuta vumbi na wadudu, hupitisha kidole makalini toka shina hata ncha. Akiona pengo dogo, hulilainisha kwa tupa lisibaki na kona kali. Likipita kipimo cha mtengenezaji, rafadha hufunguliwa. Mwisho hutia sahihi katika kitabu cha ndege.

Sasa fikiri. Mafundi wawili walitia sahihi asubuhi moja. Wa kwanza alikagua asione kasoro. Wa pili hakukagua. Ndege zote mbili zikafika salama. Je, mafundi hawa ni sawa? Yuko atakayesema ni sawa, kwa kuwa pasipo madhara hapana kosa. Hoja hii ina sura ya haki, walakini ndani yake mna hila. Fundi wa pili aliyatia maisha ya watu katika kamari bila idhini yao, na mcheza kamari hawi mwaminifu kwa sababu ameshinda. Tena sahihi ni neno. Husema, "Nimeona," naye hakuona. Uongo wake ulikamilika kabla ndege haijaacha ardhi. Bahati njema iliuficha, haikuufuta.

Yamkini utasema kuwa ukaguzi huchelewesha. Ni kweli. Mwezi wa Novemba 1903, huko Kitty Hawk, Marekani, Wilbur na Orville Wright walikuwa tayari kuruka, na majira ya baridi yalikwisha wafikia. Katika majaribio waliona ufa katika mhimili wa rafadha. Hawakuudharau. Orville alisafiri mpaka kwao Dayton, akatengeneza mihimili mipya ya chuma isiyo na uwazi ndani, akarudi Desemba. Tarehe 17 ya mwezi huo waliruka. Siku zile za kungoja zilikuwa sehemu ya kuruka kwao.

Nawe, msomaji, hukukabidhiwa ndege. Lakini umekabidhiwa kipimo cha maabara ambacho waweza kukiandika bila kukisoma, na zamu ambayo waweza kusema umeifanya. Jizoeze leo katika madogo, maana mkono uliozoea kutia sahihi bila jicho kuona hautabadilika siku utakapopewa makubwa. Abiria hamjui fundi, na fundi hamjui abiria. Kilicho kati yao ni neno moja tu, nalo hapana budi liwe la kweli.