Mto Ukifika Ziwani

Wakazi wengi wa Kinama, hapa Bujumbura, wanaijua Hifadhi ya Taifa ya Rusizi kwa kusikia tu. Ukimwambia mtu twende huko Jumapili, atakujibu kwamba kule ni kwa wageni wenye kamera. Hali ya kuwa ukishika barabara ya Gatumba, ile iendayo Uvira, safari ni fupi.

Juzi nilikwenda na watoto wa dada yangu. Mlinzi wa hifadhi alitutangulia, akatuonyesha nyayo za kiboko topeni, vidole vinne vimetanuka. Usiku hutoka kula majani, alisema, na alfajiri hurudi majini. Akatukataza kusogelea ukingo. Tukafika pale mto unapomalizikia. Maji ya Rusizi, mekundu kwa udongo, yanaingia katika buluu ya Ziwa Tanganyika, na kwa kitambo rangi hizo mbili huenda bega kwa bega bila kuchanganyika. Ng'ambo imesimama milima ya Kongo. Watoto, ambao njia nzima walikuwa wakipiga kelele, walinyamaza bila kuambiwa.

Kisha mdogo wao akauliza: “Mjomba, hizi chupa kwenye matete zimetoka wapi?”

Zimetoka kwetu sisi watu. Rusizi huanzia Ziwa Kivu, na huko Bukavu taka za plastiki zimewahi kukwamisha mitambo ya bwawa la umeme. Huku Bujumbura nako, mvua ikinyesha husomba kila tulichotupa mtaroni, mitaro ikamwaga mitoni, mito ikamwaga ziwani.

Na ziwa hili haliwezi kujisafisha upesi. Kina chake kinafika mita 1,470, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Plastiki haipandi hewani. Inabaki na samaki tunaowanunua sokoni, ndagala na mukeke, inabaki na wenzetu wa Kigoma, Kalemie na Mpulungu wanaotegemea maji yaleyale.

Tangu mwaka 2002 Hifadhi ya Rusizi imo katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Ni heshima kubwa, lakini orodha haiokoti chupa. Anayeokota ni mtu aliyeona kwa macho yake kinachoharibika, na ndiyo maana naona ni kosa kuwaachia wageni peke yao uzuri huu. Mtu hakitunzi asichokijua.

Ndugu msomaji, mpeleke mwanao Rusizi akaone mto unavyokutana na ziwa. Mkirudi nyumbani, mpe ufagio mzoe pamoja taka za mbele ya mlango wenu, na asiwepo wa kuzisukumia mtaroni.