Tawba ni leo, dozi ni kidogo kidogo

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao.

Ama baad. Ndugu Waislamu, kuna jambo katika miji yetu ambalo kwenye mimbari ama hatulisemi kabisa, ama tunalisema nusu. Nalo ni hali ya ndugu zetu waliozoea dawa za kutuliza maumivu. Sizungumzii Panadol wala diklofenaki. Nazungumzia zile dawa zenye asili ya afyuni, au zilizotengenezwa zifanye kazi mfano wa afyuni: kodeini, mofini, pethidini na hii iliyoenea mno mitaani, tramadoli. Mtu amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, au amepasuliwa mgongo, akaandikiwa vidonge vya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi minane, maana duka la dawa la mtaani limeshamzoea na halimuulizi cheti. Siku moja anagundua kuwa maumivu ya mguu yaliondoka zamani, lakini kidonge kimebaki.

Sasa ndugu huyu anaingia msikitini Ijumaa, anakuta khutba ni ya ulevi. Khatibu, Allah amlipe kheri, anasema: acha leo, ukitoka mlango huu usiguse tena. Moyo unalainika, machozi yanamtoka, anafika nyumbani na kuvimwaga vidonge vyote chooni. Mpaka hapo nani asiyefurahi?

Usiku huo huo, au kesho yake, mwili unaanza kudai. Anapiga miayo mfululizo, pua na macho vinachuruzika, jasho linamtoka huku anatetemeka kwa baridi, tumbo linakatika na kuharisha, miguu haitulii, usingizi haupo. Vijana wetu wana neno lao la hali hii, wanaiita arosto. Siku ya pili na ya tatu ndizo huwa kali kupita zote. Tramadoli ina la ziada: baadhi ya watu wakiikata ghafla hupatwa na hofu kubwa, husikia sauti na huona vitu visivyokuwepo. Hapo ndipo familia inaposema ana majini, anaitwa mtu wa kusoma ruqya, na wa kwanza kukatazwa kumsogelea mgonjwa ni daktari. Ruqya ni haki na Qur'an ni shifaa, hilo halina mjadala baina yetu. Lakini nani katufundisha kwamba mtu akisomewa Qur'an lazima azuiwe hospitali? Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeiamrisha umma huu kujitibu.

Siku ya nne au ya tano ndugu yetu anashindwa na kurudi dukani. Na hapa, ndugu msomaji, pana misiba miwili. Wa kwanza ni wa nafsi: anaamini tawba yake imekataliwa, kwamba yeye ni mnafiki, akiwaona wenzake wanaelekea msikitini anapita njia nyingine. Wa pili ni wa mwili, na huo huua. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila dawa husahau ule uzoefu wake. Dozi aliyokuwa akiimeza jana na kwenda kazini, leo inaweza kumzuia pumzi akiwa amelala. Ukimkuta mtu wa namna hiyo anakoroma vibaya, anavuta pumzi moja moja kwa mbali, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, usimwache eti apumzike. Mkimbize hospitali, ipo dawa ya kuirudisha pumzi ikiwahi.

Mimi si daktari. Lakini haya yamo katika miongozo ya madaktari wenyewe, na wenzetu Wamarekani wameyajua kwa gharama kubwa. Kule dawa hizi ziliandikwa ovyo kuanzia miaka ya 1990, watu wakafa kwa maelfu, kisha madaktari wakaingiwa na hofu na wengine wakawakatia wagonjwa wao ghafla. Matokeo yake Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari mwezi Aprili 2019: kuwakatia ghafla watu ambao miili yao imeshazoea kumeleta mateso makubwa, maumivu yasiyozuilika na hata watu kujiua. Mwongozo wa kituo chao cha kudhibiti magonjwa wa mwaka 2022 unaeleza kuwa aliyetumia mwaka mzima au zaidi, kupunguza asilimia 10 kwa mwezi, au hata polepole kuliko hivyo, ndiko kunakoelekea kuvumilika. Kwa mwezi, si kwa siku!

Linalowakwaza wengi ni hili: je, mwenye kupunguza si bado yumo ndani ya kosa? Tawba, kama tulivyofundishwa, sharti lake la kwanza ni kuliacha kosa papo hapo. Atatubiaje mtu naye bado anameza?

Swali hili ni la haki na lisipuuzwe. Jibu lake ni kulitazama kosa lenyewe ni lipi. Kosa ni kumeza kwa ajili ya kulewa, kuzidisha kipimo cha daktari, kununua kwa mlango wa nyuma, kumdanganya mke kuhusu pesa ya matumizi. Hayo yanaachwa leo, yote, bila kubakisha hata kidogo. Ama kile kipimo kinachopungua chini ya mkono wa daktari, hicho ni tiba. Na yupo ambaye hana hata hilo la kutubia: aliandikiwa, akameza kama alivyoambiwa, mwili ukazoea. Kumwita huyo mlevi ni dhulma.

Wapo wanaolijibu swali hili kwa kutaja jinsi pombe ilivyoharamishwa kwa hatua, kuanzia aya ya 219 ya Suratul Baqara, ikaja ya 43 ya Suratun Nisaa, hadi ya 90 ya Suratul Maida. Kwa maoni yangu ushahidi huu una udhaifu. Sharia imekamilika, na hakuna Mwislamu wa leo anayeweza kusema yeye bado yuko kwenye aya ya pili. Ukiufungua mlango huo, kila mlevi wa mtaani atasema anapunguza.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika madhehebu yetu wenyewe. Imam Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa inayosomwa na masheikh zetu wa Kishafii mpaka leo, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa kuhusu mtu aliyetiwa mtihanini na ulaji wa afyuni na mfano wake, akawa asipokula anaangamia. Alijibu kuwa ikijulikana kwa yakini kwamba ataangamia, ni halali kwake kula, bali ni wajibu, kama nyamafu kwa aliyefikwa na dharura. Kisha akamuwajibishia kupunguza kidogo kidogo, mpaka tumbo liachane na mazoea yale bila kuhisi. Fatwa hii aliinukuu Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Damascus, pamoja na kauli kwamba kanuni za madhehebu yao haziipingi. Zaidi ya miaka 450 iliyopita, hakuna maabara, na jambo limeshasemwa!

Tusiisome fatwa hiyo nusu. Sheikh alizungumzia anayeangamia, na arosto ya dawa hizi kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hutesa zaidi ya kuua. Kwa hiyo nani anahitaji kupunguza, na kwa kiasi gani, ni swali la daktari mwaminifu, maana yeye ndiye anayejua moyo wa mgonjwa, mimba kama ipo, na hatari ya kurudia. Aliyemeza siku chache tu baada ya kung'olewa jino aache na kwenda zake. Na fatwa ile ile inakata upande wa pili: mwenye uwezo wa kupunguza kisha asipunguze, mwanachuoni huyo anamhesabu mwenye dhambi. Anayesema "napunguza" tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na hesabu ya vidonge ni ile ile, asijifiche nyuma ya Ibn Hajar.

Kupunguza kwenyewe kukoje? Chukua mtu wa vidonge vinane vya miligramu 50 kwa siku, yaani miligramu 400. Daktari anaweza kumshusha hadi saba, akakaa hapo wiki mbili au nne, kisha sita. Kwa mwendo wa kidonge kimoja kila wiki nne, safari nzima ni miezi saba hivi. Mwishoni ndipo penye ugumu ambao wengi hawautarajii: kutoka vinane kwenda saba umepunguza sehemu moja ya nane, lakini kutoka viwili kwenda kimoja umekata nusu nzima. Kwa hiyo mwisho wa safari huenda taratibu kuliko mwanzo. Mwili ukilemewa, daktari humsimamisha pale pale alipo kwa muda, bila haraka ya kumpandisha tena. Tafadhali, mfano huu usigeuzwe cheti. Anayemeza zaidi ya hapo, au anayechanganya na Valium, asijaribu peke yake hata siku moja, kwani Valium nayo ikikatwa ghafla huweza kumwangusha mtu kifafa. Hata ndugu aliyekunywa pombe kila siku kwa miaka mingi, siku anapotubia apelekwe hospitali, asifungiwe chumbani.

Ramadhani ina suala lake, maana huo ndio mwezi ambao wengi hutupa dawa zao. Funga yetu ni kama saa 13, na tramadoli ya kawaida haidumu muda huo, kwa hiyo alasiri inamkuta mtu katika arosto akidhani ni njaa. Amuone daktari tangu Shaaban. Huenda akapewa ile inayotoka taratibu mwilini, ya futari na ya daku. Isipowezekana, yeye ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 185.

Na hapa niwataje wagonjwa wa saratani, kwa kuwa maneno yetu ya mimbarini yanawafikia na wao. Ninamjua mama aliyekuwa akiuma kanga kwa maumivu usiku kucha, dawa ya mofini iko mezani, kwa sababu alisikia kwamba ni afyuni. Mofini ya maji kama inayotolewa Ocean Road, kwa mgonjwa aliyeandikiwa, ni rehma. Hakuna ujira wa ziada kwa kuikataa.

Kwa walioingia kwenye heroini, methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, mgonjwa anakunywa kila siku mbele ya muuguzi. Nimesikia wenye kusema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wanaosema hivyo wakamtazame yule kijana aliyekuwa akiiba betri za magari, leo anaamka alfajiri, anaswali, anakwenda kunywa dawa yake, kisha anakwenda kazini. Ulevi gani huo?

Ombi langu ni kwa makhatibu na kamati za misikiti. Katika kila jamaa zetu hapakosekani daktari, mfamasia au muuguzi anayeswali safu ya pili. Apewe robo saa baada ya Isha, aeleze dawa hizi ni zipi na mtu aanzie wapi. Na khatibu anapofika kwenye maneno "acha leo", aongeze sentensi moja: kama mwili wako umezoea, usimwage vidonge, nione baada ya swala, twende sote kwa daktari.

Wallahu aalam.